Uchumi ukikua, dawa za shambani nazo huongezeka: faida inabaki kwa nani?

Wiki mbili zilizopita kwenye kipindi chetu cha kilimo cha asubuhi tulipokea simu ya mama mmoja mkulima wa nyanya kutoka upande wa Ilula, wilayani Kilolo. Alisema hivi: "Mwanangu, msimu huu nimepiga dawa mara kumi na nne. Nyanya zimetoka nzuri, matenga yamejaa. Nimelipa deni la duka, nimelipa vibarua, nimebaki na nauli. Kila siku mnatangaza kwamba uchumi unakua. Unakua kwa nani?"

Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha. Nilimjibu haraka haraka, na jibu lenyewe halikuniridhisha hata mimi. Makala haya ni jibu ambalo mama yule alistahili kupewa siku ile, na ni kwa ajili ya kila mkulima ambaye bomba la mgongoni limekuwa sehemu ya maisha yake.

Je, ni kweli uchumi ukikua dawa huongezeka?

Ndiyo. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linakadiria kwamba mwaka 2022 kilimo duniani kilitumia tani milioni 3.7 za viuatilifu, yaani dawa za kuua wadudu, ukungu na magugu. Kiasi hicho ni karibu mara mbili ya kile cha mwaka 1990. Nchi inayoongoza ni Brazil, ambayo katika miaka hiyo hiyo imejenga utajiri mkubwa kwa kuuza soya, mahindi, miwa na pamba.

Mwaka 2012 jarida la kitaalamu la Food Policy lilichapisha utafiti uliolinganisha nchi maskini, za kati na tajiri. Watafiti walikuta kwamba mavuno kwa hekta yakiongezeka kwa asilimia 1, dawa kwa hekta huongezeka kwa asilimia 1.8. Kwa lugha ya shambani, dawa inakimbia kuliko mavuno. Lakini walikuta pia kwamba nchi ikishafika hatua ya juu ya maendeleo, ongezeko hilo hupungua kasi.

Afrika ndilo bara linalotumia dawa kidogo zaidi kwa hekta. Ukisikia hivyo unaweza kudhani tuko salama, lakini wastani unaficha mambo. Mwenye mahindi ekari tatu asiyepiga dawa yoyote anajumlishwa na mwenye nyanya nusu ekari anayepiga kila baada ya siku nne. Ukigawanya kwa wote unapata namba ndogo, wakati yule wa nyanya anavuta harufu ya dawa msimu mzima.

Kwa nini pesa ikija, bomba nalo linakuja?

Sababu ya kwanza ni mji. Dar es Salaam, Dodoma na Mbeya zikikua, wanunuzi wa nyanya, vitunguu na viazi wanaongezeka. Mnunuzi wa mjini hajui shamba lako, anachojua ni sura ya nyanya. Dalali akiona doa anashusha bei, hata kama doa hilo halina madhara kwa mlaji. Mkulima anapiga dawa kulinda sura.

Sababu ya pili ni maji. Zamani nyanya zilikuwa na msimu wake, na baada yake wadudu walikosa chakula wakapungua. Siku hizi kwa pampu na mifereji tunalima mwaka mzima, shamba kwa shamba, zao moja. Mdudu hana tena mwezi wa njaa.

Sababu ya tatu ni vibarua. Vijana wengi wamehamia mjini au wanaendesha bodaboda. Aliyebaki kijijini anataka malipo mazuri kwa palizi, na ni haki yake. Wakati huo huo dawa ya magugu ya glaifosati imeshuka bei, hasa baada ya hataza ya kampuni iliyoigundua kuisha Marekani mwaka 2000 na viwanda vingi, vikiwemo vya China, kuanza kuitengeneza. Kwa hiyo jembe limekuwa ghali na chupa imekuwa rahisi. Tuseme ukweli, kwa mwanamke aliyekuwa akipalilia ekari mbili kwa mkono, dawa hiyo imempa nafasi ya kupumzisha mgongo. Sitaki kubeza nafuu hiyo.

Sababu ya nne ni biashara na safari. Bidhaa zikitembea, wadudu nao wanatembea. Mdudu ambaye wakulima wa nyanya nchini wamempa jina la kantangaze asili yake ni Amerika ya Kusini. Aliingia Hispania mwaka 2006, akashuka Afrika, na mwaka 2014 akawa ameshafika Tanzania. Kiwavijeshi vamizi wa mahindi naye ametoka mabara ya Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa tayari kwenye mahindi yetu.

Mbio ambazo mdudu ndiye anashinda

Kantangaze anatufundisha jambo muhimu. Kiwavi wake anaishi ndani ya jani, shina na tunda, dawa nyingi zinapita juu yake tu. Tena ameshakuwa sugu kwa dawa za aina nyingi katika nchi mbalimbali.

Usugu unakuja hivi. Ukipiga dawa, wadudu wengi wanakufa, lakini wachache wenye nguvu wanabaki. Hao ndio wanaozaana. Ukirudia dawa ile ile, kizazi kinachofuata kina wengi wasiokufa. Mkulima anaongeza kipimo, mara mfuniko mmoja unakuwa miwili. Kisha anachanganya dawa tatu kwenye bomba moja. Kisha anarudi dukani kutafuta dawa mpya.

Na hapo dukani kuna mtego. Dawa mbili zinaweza kuwa na majina mawili, chupa za rangi tofauti na bei tofauti, lakini ndani ni sumu ile ile. Jina kubwa kwenye lebo ni la biashara. Sumu yenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo, na kitaalamu inaitwa kiambato amilifu. Mkulima anaamini amebadilisha dawa, kumbe amebadilisha chupa.

Wakati huo dawa imeua pia wadudu rafiki: buibui, manyigu wadogo, wadudu kobe na nyuki. Hao walikuwa wakila wadudu waharibifu au kuchavusha maua bila kudai malipo. Wakiondoka, kazi yao inabidi uifanye wewe kwa bomba na pesa.

Hesabu ya mfukoni

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia, wewe weka zako. Ekari moja ya nyanya inatumia mabomba 10 kwa mpigo mmoja. Kila bomba lina dawa ya shilingi 3,000, na mpigaji analipwa shilingi 1,500 kwa bomba. Mpigo mmoja ni shilingi 45,000. Mara 14 ni shilingi 630,000.

Tenga likiuzwa shilingi 30,000, matenga 21 yanalipa dawa peke yake. Soko likijaa na tenga likashuka hadi shilingi 10,000, unahitaji matenga 63 kulipa dawa ile ile. Bado hujahesabu mbegu, mbolea, maji, kodi ya shamba na matenga yenyewe. Bei ya nyanya inapanda na kushuka, lakini deni la dukani haliteremki pamoja nayo.

Sasa chukua mkulima mwingine ambaye kila asubuhi ya Jumatatu na Alhamisi anazunguka shamba, anageuza majani, anahesabu mashimo na viwavi, na anapiga dawa pale tu anapoona inahitajika. Tuseme amepiga mara 8. Ametumia shilingi 360,000. Amebakiza shilingi 270,000, na kama mavuno yake yamelingana na ya jirani, hiyo ni faida iliyobaki mfukoni mwake.

Hesabu isiyoonekana

Kuna gharama nyingine ambazo haziandikwi kwenye daftari la mkulima wala kwenye takwimu za taifa. Pato la taifa linapimwa kwa kujumlisha thamani ya shughuli za uchumi. Dawa ikiuzwa dukani, faida ya duka inaingia kwenye hesabu. Mpigaji dawa akiugua na kulipia matibabu, huduma hiyo nayo inaingia kwenye hesabu. Lakini siku tatu alizolala bila kufanya kazi za nyumbani, mzinga wa nyuki uliokufa na samaki waliopungua mtoni hakuna anayewatoa kwenye jumla.

Ndiyo maana uchumi unaweza kukua kwenye taarifa ya habari huku mama wa Ilula akibaki na nauli. Mauzo ya dawa yalikua kweli. Mauzo ya nyanya yalikua kweli. Kilichobaki kwake ndicho hakikukua.

Kuna jambo jingine la haki. Nchi zikitajirika hupata maabara, wakaguzi na sheria kali, na dawa za hatari huondolewa kwenye mashamba yao. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu dawa ya wadudu ya klorpirifosi mwaka 2020, na mwishoni mwa mwaka huo huo ukakataa kuongeza kibali cha dawa ya ukungu ya mankozebu. Lakini uchunguzi wa shirika la Public Eye la Uswisi na kitengo cha Unearthed cha Greenpeace Uingereza ulionesha kuwa mwaka 2018 kampuni za Ulaya ziliarifu mpango wa kusafirisha nje zaidi ya tani 81,000 za viuatilifu ambavyo kwao vimepigwa marufuku mashambani. Kwa hiyo kupungua kwa dawa hatari kwa tajiri hakuna maana kwamba dawa hizo zimetoweka. Nyingine zimehama tu.

Indonesia ilivyogeuza njia

Je, ni lazima tupitie njia hiyo hiyo? Mfano wa Indonesia unasema si lazima.

Miaka ya 1970 na 1980 serikali ya Indonesia ilitaka nchi ijitosheleze kwa mchele. Ilitoa ruzuku kubwa kwa viuatilifu, serikali ikibeba sehemu kubwa ya bei. Dawa ikawa rahisi, wakulima wakapiga kwa kalenda. Mwaka 1984 nchi ikajitosheleza. Lakini mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga akalipuka na kukausha mashamba makubwa. Kadiri walivyopiga dawa ndivyo alivyozidi.

Wataalamu waliingia kwenye majaruba kuchunguza. Waligundua kwamba dawa ilikuwa inaua buibui na wadudu wengine wanaomla mdudu huyo, wakati mayai yake yako salama ndani ya shina la mpunga. Yakianguliwa, hakuna adui. Dawa ndiyo ilikuwa inamfuga.

Mwaka 1986 Rais Suharto alitoa agizo la kupiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga. Ruzuku ya viuatilifu ikapunguzwa hatua kwa hatua, na mwaka 1989 ikafutwa. Pesa na nguvu zikaelekezwa kwenye kufundisha wakulima. Walikaa kwa vikundi pembeni ya jaruba, wiki baada ya wiki, wakihesabu wadudu wabaya na wazuri kabla ya kuamua chochote. Katika miaka kumi iliyofuata zaidi ya wakulima milioni 1 walipita kwenye mafunzo hayo. Matumizi ya dawa kwenye mpunga yalishuka, na uzalishaji wa mchele ukaendelea kupanda.

Darasa lile unalijua, msikilizaji. Ndilo shamba darasa. Lilizaliwa kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, na miaka ya 1990 likaletwa Afrika Mashariki. Kama kijijini kwenu kuna shamba darasa, au liliwahi kuwepo, chimbuko lake ni somo hilo: mkulima ajue kwanza, anunue baadaye.

Lakini tusikurupuke

Wapo wanaosema basi tuzifute dawa zote mara moja. Hapo Sri Lanka inatupa funzo lenye pande mbili.

Kwa miaka mingi Sri Lanka iliondoa sokoni zile sumu kali kuliko zote, moja baada ya nyingine, kwa utafiti na kwa utaratibu. Vifo vya watu kujidhuru kwa sumu za shambani vilipungua sana, na mavuno ya mpunga hayakushuka kwa sababu ya hatua hiyo. Lakini mwezi Aprili 2021 serikali ilizuia kwa ghafla uingizaji wa mbolea za viwandani na viuatilifu vyote. Wakulima hawakuandaliwa na hawakuwa na mbadala wa kutosha. Mavuno ya mpunga na chai yakaanguka, na kufikia Novemba mwaka huo huo serikali ilikuwa imelegeza uamuzi.

Nchi ni ile ile. Ilipoondoa sumu kali kwa mpangilio, iliokoa maisha na kulinda mavuno. Ilipofuta kila kitu kwa siku moja, iliumiza wakulima wale wale. Anayelima viazi Njombe anajua kwamba ukungu ukiingia wakati wa mvua na ukungu wa asubuhi, shamba linaweza kuungua kwa siku chache. Kumwambia aache kila kitu kesho ni kumfilisi.

Soko nalo linageuka

Uchumi ukikua zaidi, mlaji anaanza kuuliza kilichomo ndani ya chakula. Majirani zetu wa Kenya walilipata somo hili kwa uchungu. Mwishoni mwa mwaka 2012 na mwaka 2013, maharage machanga na njegere zao zilikutwa Ulaya zikiwa na mabaki ya dawa, hasa ya dimethoeti, kupita kiwango. Umoja wa Ulaya ukaamuru asilimia 10 ya shehena zipimwe. Gharama zikapanda, na wakulima wadogo wengi wakapoteza soko.

Parachichi za Nyanda za Juu Kusini zinazokwenda nje zinapita kwenye mlango huo huo. Mkulima mmoja aliyevuna kabla ya siku kutimia anaweza kuharibia kundi zima.

Nyanya ya soko la ndani mara nyingi haipimwi. Hapo ndipo dhamiri inaingia. Dalali akipiga simu kwamba bei imepanda leo na lori linapita jioni, ni nani atakayesema, "Nilipiga dawa jana, nisubiri siku saba"? Lakini anayekula nyanya hiyo ni mtoto wa mtu, na pengine ni wa kwako.

Ufanye nini msimu huu

Haya ni mambo ambayo hayahitaji mkopo.

Kwanza, kagua kabla ya kupiga. Zunguka shamba mara mbili kwa wiki. Ukiona wadudu rafiki ni wengi na waharibifu wachache, subiri.

Pili, dukani uliza swali moja: "Kiambato amilifu chake ni kipi?" Kama ni kile kile ulichopiga mara mbili na hakikufanya kazi, usinunue chupa nyingine yenye jina jipya. Angalia pia kama dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA. Ya kumiminiwa kwenye chupa ya maji isiyo na lebo iache.

Tatu, soma mstari wa rangi chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali kabisa, njano ni kali, bluu ni ya tahadhari, kijani ni ya hatari ndogo zaidi. Kijani nayo ni sumu.

Nne, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziandike kwenye kalenda au kwenye simu.

Tano, ng'oa na kuchoma masalia ya nyanya baada ya mavuno, na ubadilishe zao. Usifuatishe nyanya kwa viazi au bilinganya, maana kantangaze anakula zote. Kwa mahindi, muulize afisa ugani kuhusu mbinu ya sukuma-vuta iliyobuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambayo inatumia mimea miwili kumfukuza mdudu ndani ya shamba na kumvutia pembeni.

Sita, anayepiga dawa avae mikono mirefu, glavu, barakoa na buti, wala asipige akikabili upepo. Akianza kuumwa kichwa, kutapika, kutoka jasho jingi au kuona giza, mpeleke kituo cha afya mara moja na mchukue lebo ya dawa. Msimpe maziwa mkidhani yatatoa sumu. Chupa tupu isuuzwe mara tatu, itobolewe, isiwekwe maji wala mafuta.

Jibu kwa mama wa Ilula

Mama, uliuliza uchumi unakua kwa nani. Kila ulipopita dukani mara ya kumi na nne, uchumi ulikua kwa mwenye duka, kwa msafirishaji na kwa kiwanda kilichotengeneza dawa. Hilo si kosa lao peke yao, wanauza kinachonunuliwa. Lakini kwako utakua pale mpigo wa tisa utakapokuwa hauna sababu, ukauacha, na mavuno yakabaki yale yale.

Halafu kuna sehemu isiyo yako. Indonesia haikubadilika kwa sababu wakulima waliambiwa wawe waangalifu. Ilibadilika kwa sababu serikali iliondoa ruzuku ya dawa na kulipia mafunzo. Kwetu, kata nyingi zina maduka ya pembejeo kadhaa na afisa ugani mmoja, naye hana mafuta ya pikipiki. Kwenye mkutano wa kijiji ujao, diwani akisoma mapato yaliyotokana na ushuru wa mazao, mwulizeni ni kiasi gani kimerudi kwenye ugani. Kisha mtupigie simu kipindini mtuambie alijibu nini.